Jina la Ndege wa Uluguru

Kitabu changu cha kwanza cha ndege nilikinunua kwa muuza mitumba kwa sababu kilikuwa bei rahisi: kile cha John G. Williams cha ndege wa Afrika Mashariki na Kati, kilichotoka kwanza mwaka 1963. Nilipanda nacho milima ya Uluguru. Ndege akitua, napekua. Picha huku, maelezo kule mbali, na spishi nyingine hazina picha kabisa. Nikija kumpata, mwenyewe kesharuka.

Siku hizi naazima maktaba kile cha Terry Stevenson na John Fanshawe cha mwaka 2002. Picha, ramani na maelezo vinatazamana. Kwa kwenda porini, chagua hicho.

Lakini mimi nasoma historia, na vitabu hivi vinaonyesha pia nani alipata nafasi ya kutoa majina. Kuna ndege mdogo huko Uluguru, kichwa na kifua rangi ya kutu. Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi Amani, ndiye aliyemtangaza kwa wanasayansi mwaka 1938, akampa jina la mkewe Winifred: winifredae. Mzee aliyeniongoza njia alipomsikia tu akilia alimtaja kwa Kiluguru, bila hata kugeuka. Jina hilo nimelitafuta katika vitabu vyote viwili, halimo.

Cha maktaba hakiruhusiwi kuandikwa. Cha Williams, kilichochakaa, ni changu. Nimeliandika humo kwa penseli, na mzee akanisahihisha herufi mbili.