Kungumanga: Mwizi wa Mkono Mmoja (Sehemu ya Tatu)

ILIPOISHIA: Mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen alivivamia visiwa vya Banda kwa niaba ya kampuni ya Waholanzi. Kati ya wenyeji wapatao 15,000, waliosalia ni wachache mno. Wengine waliuawa, wengine wakafa kwa njaa milimani, mamia wakasombwa utumwani Batavia (Jakarta ya leo). Tangu hapo kungumanga ikawa mali ya Mholanzi. Miaka 124 baadaye, mzinga wa Waingereza ukalia karibu na kisiwa cha Bangka…

SASA ENDELEA

Pierre Poivre alipozinduka, mkono wa kulia haukuwepo.

Daktari wa meli alikuwa ameshaukata. Kijana huyu wa Lyon, miaka 25, alikuwa safarini kuutafuta upadri, na padri asiye na mkono wa kuinulia kikombe hapewi daraja. Ndoto ya utotoni ikaishia palepale sakafuni, kwenye damu. Waingereza hawakuwa na haja ya mateka majeruhi, wakamshusha Batavia akajiuguze.

Afadhali wangemtupa baharini, Waholanzi wangelala usingizi! Maana Batavia ndiyo iliyokuwa ghala la siri yao.

Tuingie kidogo jikoni kwa tajiri mmoja wa mji ule. Jiko hili nalijenga mwenyewe, ila wapishi watumwa walikuwa wamejaa katika nyumba za namna hiyo. Bibi kizee anakwangua kungumanga juu ya samaki wa maziwa. Mtoto wa jikoni ameiokota moja iliyoanguka, nyeupe kwa chokaa.

"Bibi, nikiipanda hii nyuma ya kisima itaota?"

"Itaotea wapi, mjukuu wangu? Hiyo imekufa zamani."

"Mbona inanukia?"

"Kunukia si kuishi. Mbegu yake inataka kutiwa udongoni ikiwa mbichi, bado imo ndani ya kifuu chake. Ikishakauka, ya kukwanguliwa tu. Na hao mabwana, kwa kuogopa, wanaichovya kwenye chokaa juu ya hivyo. Irudishe haraka, usije ukatuponza."

Hapo ndipo ulipokuwa ujanja wote. London na Amsterdam kungumanga ilikuwa kila mahali: kwenye keki, kwenye mvinyo wa moto, kwenye mboga. Wenye nafasi walitembea na vikwanguo vidogo vya fedha mifukoni, wakajikwangulia wenyewe mezani kwa madaha. Mwaka 1747 Hannah Glasse akatoa kitabu chake cha upishi kwa ajili ya watumishi wa jikoni, na kungumanga imo humo ukurasa baada ya ukurasa. Basi Ulaya nzima ilikuwa na mbegu kabatini, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuotesha mche!

Banda kwenyewe, aliyekamatwa akitorosha mbegu mbichi alihesabu shingo yake imekwenda. Visiwa vya jirani vilikaguliwa, miti ikakatwa. Bei ikilegea, mzigo ulichomwa moto. Mwaka 1760 Mfaransa mmoja aliyekuwa Amsterdam aliyashuhudia marundo ya viungo yakiteketea, na mafuta yake yakitiririka chini. Lakini njiwa wa visiwa vile hakuwahi kusoma amri ya kampuni. Humeza kungumanga nzima kwa utamu wa basibasi, utando mwekundu unaoizunguka, akaruka nayo hadi kisiwa kingine, akaidondosha yenyewe haijaguswa. Ule mti Waholanzi waliokuwa wakiulinda kwa mizinga, ndege walikuwa wakiutorosha kila msimu.

Huko Batavia, Poivre aliitia akilini siri ile ya mbegu mbichi. Alipopata nafuu akaondoka na mkono mmoja na kiu moja.

Ilimchukua miaka minane. Akawa mtu wa kampuni ya Wafaransa, akakaa Manila, akanunua mbegu za magendo, nyingi zikiwa zimeshakufa. Mwishoni mwa 1753 akateremka Morisi, koloni la Ufaransa wakati huo, akiwa na miche mitano hai. Mitano tu! Na mkungumanga una dume na jike, usitambue upi ni upi mpaka utoe maua, nako ni kungoja miaka. Yote mitano ingeweza kuwa madume matupu.

Hakungoja. Akaiacha chini ya uangalizi wa wengine, akapanda tena meli kuelekea mashariki, mpaka Timor. Huku nyuma kisiwani alikuwa ameingia mfamasia mmoja, bingwa wa mimea, Fusée Aublet, mtu ambaye hakumpenda Poivre hata kidogo.

Katikati ya 1755 Poivre akarudi na miche mingine na mbegu mpya. Akaenda moja kwa moja kuitazama ile ya kwanza.

Yote imekauka.

Akamshika Aublet kwa shutuma: umeiua kusudi. Aublet akakana. Sasa zikabaki hizi mbegu mpya, na mtu mwenye elimu ya kuthibitisha kama ni kungumanga ya kweli alikuwa yuleyule mmoja, adui yake. Aublet akaitwa. Akaichukua mbegu moja, akaipasua, akaisogeza mwangani, akainusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamgeukia Poivre, akatabasamu.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO