Midi haina sauti: historia fupi ya matatizo ya studio za chumbani, kutoka Tukuyu

Leo tuiache siasa ipumzike kidogo, tuongee muziki. Si ule wa nani kamwimba nani vibaya. Naongelea ule wa nyuma ya mlango: kwa nini umebonyeza kinanda na kompyuta imekaa kimya kama imenuna? Kwa nini sauti yako inarudi kwenye hedifoni ikiwa imechelewa, mpaka unaimba kama mtu anayejijibu mwenyewe? Na kwa nini wimbo uliotengenezwa Dar ukiletwa Tukuyu kwenye flashi unafunguka bubu?

Nauliza kwa sababu nilikuwa Tukuyu hivi karibuni kwa kazi ya gazeti. Kwa ambao hawajafika, Tukuyu ni makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, kwenye barabara ya kutoka Mbeya kwenda Kyela na mpaka wa Malawi. Wajerumani waliuita Neu Langenburg. Leo ni mji wa ndizi, viazi, chai na mvua, na kama ilivyo miji yetu yote, una vijana wenye studio za chumbani: laptopu moja, kinanda kidogo cha USB, maiki moja, na godoro limesimamishwa ukutani lizuie mwangwi.

Nilichokisikia kwa vijana hao ni kwamba kitu kikigoma, maelezo ni matatu: virusi, programu ya kuchakachua, au "huku mkoani bwana, vitu hivi ni vya Dar." Hilo la tatu ndilo linaloniuma. Maana ukiifuata historia ya mitambo hii, utakuta matatizo mengi hayana uhusiano na Dar wala mkoa. Ni maamuzi yaliyofanywa na watu wanaojulikana, katika miaka inayojulikana. Ukiijua sababu, nusu ya ufundi umeshaupata.

Tuanze nyumbani. Wazee wetu wa muziki wa dansi walirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Bendi nzima inaingia, fundi mitambo anafungua tepu, mnapiga wote kwa pamoja. Mpiga besi akikosea, mnarudia. Wengine walivuka mpaka kwenda kurekodi Nairobi. Katika utaratibu ule hakuna aliyeuliza "sauti iko wapi?" Sauti ilikuwa kwenye tepu, na tepu ilikuwa kabatini.

Miaka ya 1990 mambo yakabadilika. Sheria ya utangazaji ya 1993 ikafungua milango kwa redio binafsi, Radio One ikaingia hewani 1994, na studio binafsi kama MJ za Master Jay na Bongo Records ya P-Funk zikaja kuibeba Bongo Fleva. Zote Dar. Msanii wa Mbeya au Tukuyu alipanda basi. Ila ndani ya studio zile kulikuwa na kitu kipya: biti haikupigwa tena na bendi. Ilipangwa kwa kinanda na kompyuta, na kilichoviunganisha viwili hivyo kinaitwa midi.

Midi ilitoka wapi? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vinanda vya umeme vya kampuni tofauti havikuelewana. Cha Kijapani hakikuweza kuongea na cha Kimarekani. Dave Smith wa kampuni ya Sequential Circuits ya California na Ikutaro Kakehashi wa Roland ya Japani wakasukuma wazo la lugha moja kwa vinanda vyote. Januari 1983, kwenye maonyesho ya NAMM kule Anaheim, kinanda cha Sequential na cha Roland viliunganishwa kwa waya, ukibonyeza kimoja na kingine kinalia. Lugha hiyo ikatolewa bure, bila malipo ya hakimiliki. Ndiyo maana imo hata kwenye kinanda cha bei poa kilichopo Tukuyu. Mwaka 2013 wazee hao wawili walipewa Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo. Kakehashi alifariki 2017, Smith 2022.

Sasa shika hapa, maana ndipo mambo yote yanapoanzia: midi haibebi sauti. Inabeba maagizo. Inasema "noti namba 60 imebonyezwa, kwa nguvu kiasi hiki", halafu baadaye "noti namba 60 imeachiwa". Basi.

Kwa watu wa Rungwe hili lisiwe geni. Wamoravian walifika pale mwaka 1891, na kwaya ni sehemu ya maisha ya wilaya ile. Kwaya zetu nyingi Tanzania husoma noti za do, re, mi, mfumo ambao John Curwen aliusambaza Uingereza karne ya 19 akiuendeleza kutoka kwa mwalimu Sarah Glover wa Norwich. Karatasi ya mwalimu wa kwaya ina herufi d, r, m na alama za mapigo. Haina sauti ya mtu. Ukiipeleka karatasi ile Mwanza, wimbo utaimbwa, lakini kwa sauti za watu wa Mwanza. Midi ni karatasi ya mwalimu wa kwaya. Sauti ni waimbaji.

Ukilielewa hilo, kinanda kilichonuna kinatafutwa kwa hatua mbili tu. Kwanza, karatasi imefika? Karibu kila programu ina kitaa kinachowaka ukibonyeza kinanda. Kisipowaka, tatizo liko njiani: waya, tundu la USB, draiva, au kinanda hakijachaguliwa kwenye mipangilio. Kama unatumia ule waya wa zamani wa pini tano, kumbuka unatoka tundu la kutokea la chombo kimoja na kuingia tundu la kupokelea la kingine. Pili, kitaa kikiwaka na bado kimya, maagizo yamefika ila hakuna mwimbaji: hujaweka chombo, au chombo kinasikiliza chaneli nyingine kati ya zile 16. Huna haja ya kufuta Windows. Narudia: huna haja ya kufuta Windows!

Na ile noti inayolia bila kukoma kama king'ora? Rudi 1983. Kubonyeza ni ujumbe mmoja, kuachia ni ujumbe mwingine. Ule wa pili ukipotea njiani, kompyuta inaamini kidole chako bado kiko pale. Programu nyingi zina amri ya kunyamazisha noti zote. Itafute kabla hujaihitaji.

Lakini hayo ni madogo. Prodyuza mmoja kijana alinisimulia lililo kubwa. Kwaya moja ilirekodi kwenye kompyuta ya mtu mwingine, yeye akaletewa kazi kwenye flashi aimalizie. Akafungua: ngoma zipo, kinanda kipo, besi ipo. Sauti za waimbaji hakuna, mistari mitupu. Kompyuta ya kwanza ilikuwa imeshasafishwa na kuuzwa. Na mama aliyeimba kiitikio alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Hakuna virusi hapo. Faili la mradi, kwa programu nyingi, lina midi na anwani. Anwani inasema "sauti ya mama iko kwenye folda fulani ya kompyuta fulani". Aliyenakili alibeba karatasi akawaacha waimbaji. Kinanda unaweza kukipanga upya Jumamosi moja. Sauti ya yule mama huwezi.

Kwa hiyo wadau, kanuni ni hii: ukihamisha kazi, hamisha folda nzima yenye sauti. Kwenye FL Studio kuna namna ya kuhifadhi mradi kama zip ikakusanya sampuli na sauti pamoja. Juu ya hapo, toa kila mstari peke yake kama faili la sauti la WAV, yote yaanzie sekunde ya sifuri. Mafaili hayo yatafunguka kwenye programu yoyote, hata miaka 20 ijayo wakati programu yako imeshasahauliwa.

Nimeitaja FL Studio kwa kuwa ndiyo niliyoikuta sana. Ilianza 1997 kwa jina FruityLoops, kutoka kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, ikiwa chombo kidogo cha kupanga ngoma. Mwaka 2003 ikabadilishwa jina. Asili yake ile bado ina alama: inakupa visanduku 16 vya kujaza. Ni rahisi sana, na ndiyo sababu biti nyingi zinatembea kama gwaride. Mpiga ngoma wa Kinyakyusa hapigi kwa rula. Ukimrekodi kwa midi kisha ukaiambia kompyuta inyooshe kila pigo, umefuta kilichomfanya awe yeye. Siku nyingine kinachoitwa tatizo ni kompyuta kusahihisha kitu ambacho hakikuwa kosa.

Sauti inayochelewa nayo ina historia yake. Kompyuta haishughulikii sauti tone kwa tone, inakusanya kwanza kwenye bafa, kama dumu. Dumu la sampuli 1,024, kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, linachukua milisekunde 23 kujaa, na kuna dumu la kuingia na la kutoka. Mwimbaji anaisikia tofauti hiyo. Dumu la 128 linajaa kwa milisekunde kama 3. Steinberg ya Ujerumani ilitoa draiva za ASIO mwaka 1997 kupunguza safari hiyo kwenye Windows. Basi: unaporekodi, punguza bafa. Unapochanganya, iongeze, la sivyo sauti itakwaruza kwa kompyuta kuelemewa.

Na ukisikia wimbo umekuwa wa katuni, juu zaidi na haraka zaidi, angalia namba. CD, iliyoingia sokoni 1982, ilichagua 44,100. Video hutumia 48,000. Rekodi ya kwanza ikichezwa kwa namba ya pili inapanda karibu nusu toni tatu nzima nzima za piano zikigawanywa kwa mbili, yaani toni robo tatu hivi. Chagua namba moja mwanzoni, usiibadilishe.

Kuna mawili ambayo kweli ni ya mazingira. La kwanza ni umeme. Muungurumo wa chini usioisha mara nyingi ni wa umeme wa nyumbani, unaozunguka mara 50 kwa sekunde. Chomoa chaja, laptopu ibaki na betri. Ukinyamaza, umempata mwizi: vyombo vyako vinapishana kwenye waya wa ethi. Chomeka vyote soketi moja.

La pili ni mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na nyumba nyingi zimeezekwa kwa bati. Ni vigumu programu kuitoa mvua ya bati kwenye sauti ya mwimbaji ikabaki salama. Ila kumbuka, midi haina masikio. Mvua ikinyesha, panga kinanda, besi na ngoma. Ikikatika, washa maiki.

Yote hayo hayahitaji nauli ya Dar. Yanahitaji kujua kilicho karatasi na kilicho sauti, na kuilinda sauti kwanza. Leo usiku, kabla ya kuzima mashine, fungua ile folda uangalie kama waimbaji wako wamo. Nakili sehemu mbili.