Miaka mia moja ya kubadilisha gari badala ya barabara: kutoka mikanda ya Citroën mpaka Land Cruiser za Fizi



Msimu wa mvua uliopita nilipanda gari la wagonjwa lililotoka Fizi kwenda Baraka. Ilikuwa Land Cruiser iliyotengenezwa kwa ajili ya njia mbaya: bomba la hewa lilipanda mpaka usawa wa paa, mbele kulikuwa na chuma kinene, mipira yake ilikuwa ya tope, na resoro za nyuma zilikuwa zimeongezwa. Ndani alilala mama mjamzito aliyekuwa na uchungu tangu usiku. Njiani tulikuta kamiyo mbili zimezama katika burubiye, moja imelala ubavu. Kushoto mteremko, kulia ukingo wa udongo. Shofere alishuka, akatazama, akarudi na kuzima moteri.

“Mama, hii gari inaweza kupita tope,” alimwambia muuguzi, “lakini haiwezi kupita juu ya kamiyo.”

Vijana wa kijiji cha karibu walikata miti miwili, wakafunga vitenge, wakatengeneza kipoyi. Mama alibebwa mabegani mpaka ng'ambo ya burubiye, ambako gari lingine lililokuwa limekwama upande ule liligeuka na kumchukua. Alifika. Mtoto alizaliwa mzima. Lakini tangu siku ile swali moja halijaniacha: vyuma vile vyote juu ya gari vilitoka wapi, nani alivibuni, na kwa nini mwishoni tulirudi kwenye kipoyi cha wakati wa babu zetu?

Nimejaribu kufuata historia hiyo. Inaanza mapema kuliko wengi wanavyofikiri, na inapita hapa kwetu Kongo.

Gari za mikanda katika msitu wetu

Adolphe Kégresse alikuwa fundi Mfaransa aliyefanya kazi katika garaji ya mfalme wa Urusi. Huko theluji ilikuwa ikizamisha gari, naye akabuni njia ya kuondoa magurudumu ya nyuma na kuweka mikanda ya mpira inayozunguka. Mkanda hugusa ardhi kwa eneo kubwa, kwa hiyo uzito wa gari hutawanyika na gari halizami upesi. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 alirudi Ufaransa, na kiwanda cha Citroën kikachukua ubunifu wake. Tangu Desemba 1922 mpaka Januari 1923, gari tano za namna hiyo zilivuka jangwa la Sahara kutoka Touggourt mpaka Timbuktu.

Tarehe 28 Oktoba 1924, gari nane ziliondoka Colomb-Béchar, Algeria, zikiongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Safari hiyo ndiyo Wafaransa waliyoiita La Croisière noire. Zilivuka jangwa, zikapita Ubangi-Shari, zikaingia Kongo ya Wabelgiji na kupita Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, kabla ya kufika Kampala. Hapo waligawanyika makundi manne. Kundi moja, likiongozwa na mhandisi Brull, lilirudi Kongo na kupita Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mpaka Cape Town mwaka 1925.

Picha na filamu ya safari ile zilionyesha ushindi wa gari. Hazikusisitiza jambo hili: katika msitu wa Kongo, mikanda ya Kégresse haikutosha. Kabla gari hazijafika, watu wa vijijini walikuwa wamepelekwa kukata miti, kung'oa visiki na kufungua njia. Gari lililobadilishwa lilipita juu ya kazi ya mikono ya watu ambao majina yao hayakuandikwa.

Tuliweke hilo akilini.

Mchanga wa Misri na bati za chuma

Wakati huohuo, Misri, ofisa Mwingereza Ralph Bagnold na rafiki zake walikuwa wakiingia jangwani na gari za kawaida za Ford. Hawakuwa na mikanda, wala magurudumu ya mbele ya gari zao hayakuvutwa na moteri. Walichofanya ni kupunguza na kuongeza. Walipunguza kila kitu kisichohitajika, na hewa ya mipira pia, kwa sababu mpira wenye hewa kidogo hujitandaza na kushika mchanga. Waliongeza mabamba marefu ya chuma, ambayo Bagnold aliyaona kwa muuza vyuma vikuukuu Kairo. Gari likizama, mabamba yanawekwa chini ya magurudumu na gari linatoka.

Alitatua pia shida ya maji. Rejeta ikichemka, mvuke hupotea na maji huisha. Bagnold alipitisha mvuke katika bomba mpaka kwenye debe lenye maji kidogo pembeni mwa gari. Mvuke uligeuka tena kuwa maji, na moteri ikipoa maji yalinyonywa kurudi kwenye rejeta. Mwaka 1940, wakati wa vita, aliunda kikosi cha Long Range Desert Group, na kamiyo zake za Chevrolet zilitengenezwa kwa akili hiyohiyo: hazikuwa na milango, zilikuwa na resoro imara, debe la mvuke na mabamba ya chuma.

Mchanga si tope. Lakini ukiona shofere wa Fizi akipanga mawe na vipande vya mbao chini ya mpira uliozama, anafanya kazi ileile ya mabamba ya Bagnold.

Jipu, Land Rover, na mlima Fuji

Gari dogo linalovutwa na magurudumu yote manne lilienea duniani kwa sababu ya vita. Mwaka 1940 jeshi la Marekani liliomba viwanda vitengeneze gari jepesi la uwanja wa vita. Kampuni ndogo ya Bantam ilileta la kwanza, kisha Willys na Ford wakatengeneza zaidi ya 600,000. Hilo ndilo jipu.

Vita vilipokwisha, jipu nyingi ziliuzwa kwa raia. Shida ilikuwa kwamba vyuma vya mbele viliendelea kuzunguka hata kwenye barabara nzuri, vikila mafuta na kuchakaa bure. Mwaka 1948 Mmarekani Arthur Warn alianza kutengeneza kifaa cha kuwekwa katikati ya gurudumu la mbele: ukikizungusha upande mmoja, gurudumu linaungana na moteri, upande mwingine, linaachiliwa. Shofere wetu wengi wanakijua kwa mikono yao. Ndiyo maana mbele ya burubiye unawaona wanashuka, wanainama kwenye magurudumu ya mbele na kuzungusha. Mwaka 1959 kampuni yake ikatoa winchi ya umeme kwa ajili ya watu wa kawaida, si jeshi tu.

Mwaka huohuo wa 1948, Uingereza ilionyesha Land Rover kwa mara ya kwanza huko Amsterdam. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa haba baada ya vita. Japani ilifuata. Mwaka 1951 Toyota ilitengeneza gari lililoitwa BJ, na shofere wa majaribio, Ichiro Taira, akalipandisha mlima Fuji mpaka kituo cha sita. Jina Land Cruiser lilikuja mwaka 1954. Ile tunayoiona kila siku hapa, ya aina ya 70, ilitoka mwaka 1984. Nyingi zina moteri ya dizeli ya lita 4.2, isiyo na turbo wala kompyuta. Fundi mwenye funguo na masikio mazuri anaweza kuitengeneza chini ya mwembe. Hiyo ndiyo sababu ilishinda huku kwetu.

Nyingi za mashirika ya misaada hazikuja moja kwa moja kutoka kiwandani. Zilipita kwanza Gibraltar, kwenye mlango wa bahari ya Mediterania, ambako kuna karakana kubwa inayoongeza bomba la hewa, winchi, tangi la pili, redio, au kuligeuza gari kuwa la wagonjwa. Gari linafika bandarini likiwa tayari limevaa kwa ajili ya njia mbaya.

Kila chuma na kazi yake

Bomba la hewa si urembo. Moteri huvuta hewa. Ikivuta maji, maji hayakandamiziki, na vyuma vya ndani hupinda. Lakini bomba peke yake halitoshi. Ekseli iliyopata joto ikiingia ghafla katika mto Mutambala hupoa, hewa ya ndani hujikunja, na maji hunyonywa kupitia tundu lake dogo la kupumulia. Oili inageuka rangi ya maziwa, na baada ya wiki chache meno yanalia. Ndiyo maana mafundi wazuri hupandisha juu vijibomba vya ekseli na giaboksi pia. Bei yake ni ndogo, faida yake kubwa.

Resoro ni hadithi nyingine. Garaji zetu huongeza mabapa yaliyotolewa kwenye kamiyo kuukuu, ili gari lipande juu na libebe zaidi. Gari la namna hii limetengenezwa kubeba tani moja hivi, watu na mizigo pamoja. Resoro ngumu haziongezi nguvu ya shasi, breki wala ekseli. Zinaficha uzito tu. Shasi inapasuka kidogokidogo mahali ambapo hakuna anayetazama. Tena, gari lililoinuliwa na kuwekewa magunia na watu juu ya paa hupinduka kwa urahisi. Anayeshuka Ngomo kutoka Bukavu kwenda Kamanyola anajua kosa moja pale linagharimu nini.

Na badiliko bora kuliko yote halihitaji garaji: kupunguza hewa ya mipira kabla ya tope au mchanga, na kuirudisha baadaye. Bagnold alilijua hilo miaka karibu mia moja iliyopita.

Upande wa historia tulioupoteza

Sasa turudi kwa wale watu waliofungua msitu mbele ya gari za Citroën. Wakati wa ukoloni, kila kijiji cha kando ya barabara kilipewa kipande chake cha kutunza: kukata nyasi, kufungua mifereji, kujaza mashimo. Mara nyingi ilikuwa kazi ya kulazimishwa, na hakuna sababu ya kuitamani. Lakini kazi yenyewe ilikuwa na maana. Hata baada ya uhuru, Office des Routes, iliyoundwa mwaka 1971, iliendelea na kantonye wa kulipwa katika sehemu nyingi.

Kulikuwa pia na kizuizi cha mvua, ile barriere ya mti mmoja. Mvua ikinyesha, mti unashushwa, na kamiyo zinasubiri saa kadhaa mpaka udongo ukauke. Wenye haraka walinung'unika. Lakini kamiyo moja yenye uzito mkubwa ikipita kwenye udongo uliolowa huacha mifereji miwili mirefu. Mvua ya pili inaijaza, kamiyo ya pili inaichimba, na ya tatu inazama. Burubiye haianguki kutoka mbinguni. Inazaliwa na mfereji uliozibwa na kamiyo isiyongoja. Leo ukitaja barriere, raia anafikiria pesa tu. Maana yake ya kwanza imesahaulika.

Na burubiye ikishazaliwa, inakuwa soko. Vijana hupata franga kwa kusukuma gari, na mahali pengine hawana haraka ya kulijaza shimo linalowalisha. Siwalaumu peke yao. Kila mmoja wetu amejipatia jibu lake: mwenye pesa ameongeza resoro, shirika limenunua bomba la hewa na winchi, kijana amenunua koleo la kusukumia. Hakuna aliyenunua koleo la mfereji.

Hilo ndilo nililolisoma katika miaka hii mia moja. Bagnold alibadilisha gari kwa sababu jangwani hakuna anayeishi na hakuna barabara ya kutunzwa. Taira alipanda mlima ili kuthibitisha gari, kisha akashuka. Sisi tunaishi kando ya Barabara ya Taifa namba 5, tunazaa kando yake, tunauza mihogo na samaki kando yake. Kwetu gari lililobadilishwa ni kama kidonge cha maumivu: kinasaidia kufika asubuhi, lakini ugonjwa uko palepale.

Sisemi tuache kutengeneza gari. Bila mipira ile na bomba lile, mama yule asingefika hata kwenye burubiye. Nasema kila chuma tunachoongeza juu ya gari kituulize swali kuhusu ardhi iliyo chini yake. Kabla ya mvua za Septemba, kijiji kikifungua mita mia za mfereji mbele ya nyumba zake, bila fimbo na bila kusubiri mradi, na wakubwa wa barabara wakirudisha kizuizi cha mvua kwa kazi yake ya kweli, tutakuwa tumefanya badiliko ambalo hakuna garaji ya Gibraltar inayoweza kulifanya.

Vijana waliombeba mama yule hawakuomba franga hata moja. Nguvu za kumbeba mtu tunazo. Nguvu hizo zinatosha pia kwa mfereji.

Mwandishi wenu, kutoka Fizi.