Umetaboli wa Mafuta: Kuvunja na Kujenga

Mwombe mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine, pale Morogoro, akueleze kwa Kiswahili somo alilolisoma kwa Kiingereza kuhusu jinsi mwili unavyoyatumia mafuta. Huenda akakujibu kuwa ni "mmeng'enyo wa mafuta". Jibu hilo linafika nusu ya njia. Mmeng'enyo ni kazi ya tumbo na utumbo: mafuta huvunjwavunjwa yapate kuingia mwilini. Yanayofuata ndani ya seli ndiyo umetaboli: asidi za mafuta ama zinachomwa ili kutoa nguvu, ama zinaungwa kuwa kitu kipya.

Wafugaji wa mbuzi wa maziwa kule Mgeta, milimani Uluguru, wanaweza kukutana na upande wa kuvunja bila kuujua kwa jina. Mbuzi mwenye mimba ya mapacha akikosa chakula cha kutosha siku za mwisho, huivunja shahamu yake kwa kasi ambayo ini haliimudu, akadhoofika hadi kushindwa kusimama.

Kwenye saratani, upande unaosahaulika ni ule wa kujenga. Seli haiwezi kugawanyika bila utando mpya, na utando huo kwa sehemu kubwa ni lipidi, yaani jamii ya mafuta. Seli nyingi za mtu mzima huchukua asidi za mafuta zinazopita katika damu. Mwaka 1953 Grace Medes na wenzake, nchini Marekani, walionyesha kuwa uvimbe wa saratani unaweza kujitengenezea asidi hizo kutokana na sukari. Mwaka 1994 ikabainika kwamba protini moja iliyoonekana kwenye saratani za matiti zenye mwelekeo mbaya ilikuwa ndiyo mashine yenyewe ya kuunda asidi za mafuta. Kwa Kiswahili mashine ya namna hiyo tunaiita kimeng'enya, hata pale inapojenga na wala haimeng'enyi chochote! Jina hilo limeshakomaa, tuliache; ila tusiurefushe mkanganyiko kwa kuuita umetaboli wote mmeng'enyo.

Athari ya mkanganyiko huo inafika mezani. Anayeambiwa kuwa saratani inakua kwa "mmeng'enyo wa mafuta" ataondoa karanga kwenye mboga akidhani ameinyima seli chakula, kumbe seli ileile inaweza kuyaunda mafuta kutokana na sukari ya ugali. Mgonjwa mwenyewe huenda tayari anakonda, naye anahitaji kila kijiko. Sisemi kwamba mafuta ya chakula hayana neno. Mwaka 2017 watafiti wa Barcelona waliripoti kuwa asidi ya palmitiki, iliyo tele katika mawese, ilichochea kusambaa kwa saratani ya kinywa katika panya. Lakini panya wa maabara ni panya wa maabara.

Afrika Mashariki ina mfano wake wa saratani inayojiundia mafuta, unaoonekana kwa hadubini. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa saratani wa taya kwa watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, wakatambua kuwa ugonjwa huo hupungua kadiri ardhi inavyoinuka. Karibu na ikweta, mpaka ulikuwa kwenye mita 1,500 hivi. Sababu ya mpaka huo ilikuwa joto na mvua, mazingira ya malaria.

Seli za uvimbe huo zikipakwa rangi huonyesha sitoplazimu ya buluu iliyokolea, imejaa vitundu vyeupe. Kila kitundu kilikuwa kitone cha lipidi, kikayeyushwa na alkoholi wakati wa kuandaa kioo. Jeni iitwayo MYC, iliyoharibika katika seli hizo, huamuru seli igawanyike mfululizo na pia huwasha vimeng'enya vya kuunda mafuta. Vitone hivyo ni umetaboli wa seli yenyewe. Utumbo wa mtoto haukuhusika kuviunda.