Kovu Baada ya Upasuaji wa Presha ya Macho: Hoja kutoka Msasani hadi Mbagala

Mpasuaji hufurahi kidonda kikifunga mapema, isipokuwa yule anayepasua jicho lenye glaukoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Katika trabekulektomi, upasuaji ulioelezwa na J. E. Cairns mwaka 1968, daktari hufungua kilango kwenye ukuta mweupe wa jicho ili maji ya ndani yatoke na kukusanyika chini ya utando wa juu. Hapo hutuna lengelenge dogo linalofichwa na kope. Kilango kikiziba, presha hupanda tena na neva ya jicho huendelea kufa. Kinachoziba ni kovu: seli za faibroblasti huzaliana, hutengeneza nyuzinyuzi, na utando hugandamana na ukuta ulio chini yake.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, kwa wenye umri mdogo na kwa macho yaliyotiwa matone miaka mingi. Wala ugonjwa wenyewe si wa nadra. Utafiti wa Kongwa, mkoani Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta glaukoma kwa watu wapatao 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na kuendelea.

Silaha zipo. Fluorourasili na mitomisini, dawa za saratani, hulowekwa kwenye sponji na kuwekwa juu ya jeraha kwa dakika chache. Nyingine ni mionzi ya beta. Jaribio la Afrika Kusini lililochapishwa mwaka 2006 lilionyesha kuwa, baada ya mwaka mmoja, upasuaji ulishindwa kwa asilimia 30 bila mionzi na asilimia 5 tu kwa mionzi, ingawa waliopata mionzi waliugua zaidi mtoto wa jicho. Hospitali ya CCBRT, Msasani, jijini Dar es Salaam, ikaenda mbele: ilishindanisha mionzi na fluorourasili kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa glaukoma na wa mtoto wa jicho kwa pamoja. Matokeo yalitoka mwaka 2016, na hakuna njia iliyoishinda nyingine waziwazi.

Kama silaha mbili zinakaribiana hivyo, kuendelea kuuliza ipi bora ni kuchelewesha swali zito zaidi: nani analiangalia lengelenge baada ya mgonjwa kurudi nyumbani?

Kovu hufanya kazi kubwa katika wiki za mwanzo. Ndipo matone ya steroidi yanapotakiwa mara nyingi kwa siku, nyuzi za mshono zinapokatwa au kulegezwa, na lengelenge lililoanza kuwa jekundu na bapa linapoweza kuokolewa kwa sindano. Lakini mgonjwa wa Chamazi au Mbagala hana kinachomsukuma kurudi. Jicho haliumi, kuona hakukuongezeka, kwa sababu upasuaji huu hulinda kilichobaki tu. Kufika Msasani kunamgharimu siku nzima na nauli ya watu wawili, maana asiyeona vizuri hapandi daladala peke yake.

Wapo watakaosema dawa kali itumike mara moja katika chumba cha upasuaji, mambo yaishe. Hayaishi. Mitomisini ikizidi, utando huwa mwembamba, huvuja, na maambukizi yanaweza kuingia hata miaka baadaye. Mgonjwa huyo naye anahitaji mtu wa karibu wa kumtazama jicho likiwa jekundu.

Kwa hiyo ufuatiliaji wa wiki hizo usogezwe kwenye hospitali za rufaa za mkoa za Temeke na Mwananyamala. Kuchoma sindano kubaki kwa bingwa. Kutambua lengelenge linalokufa ni kazi anayoweza kufundishwa muuguzi wa macho mwenye darubini ya kuchunguzia jicho na kipimo cha presha, mradi awe na namba ya simu ya daktari aliyepasua na uhakika kwamba mgonjwa atapokelewa siku hiyo hiyo au kesho yake. Na jaribio lijalo la Dar es Salaam lisigawe wagonjwa kwa dawa. Liwagawe kwa mahali: nusu wafuatiliwe Msasani, nusu karibu na kwao, kisha zihesabiwe presha zilizobaki chini baada ya miaka miwili.