Biosi na Matoleo ya PlayStation

Jina PlayStation hutajwa kana kwamba ni la mashine moja, ilhali kampuni ya Sony, tangu ilipoanza kuiuza Japani tarehe 3 Desemba 1994 hadi ilipotoa PSone, umbo lake dogo, mwaka 2000, iliibadilisha ndani mara kadhaa. Kwa hiyo atengenezaye emuleta, yaani programu inayoiwezesha kompyuta ya leo kutenda kama mashine ya zamani, hana budi kuamua kwanza ni PlayStation ipi anayoiiga.

Kila toleo lilipewa namba yenye herufi SCPH, ambayo tarakimu yake ya mwisho ilionyesha soko: SCPH-1000 ya Japani, 1001 ya Marekani na 1002 ya Ulaya, hizi mbili zikiingia madukani Septemba 1995. Ndani ya kila moja ilikuwamo biosi, programu ya kilobaiti 512 iliyoandikwa kiwandani katika chipu isiyofutika, ambayo huiamsha mashine, husimamia kadi za kuhifadhia michezo na kuipa michezo yenyewe huduma inazozihitaji kila mara.

Biosi hiyo ndiyo iliyozua kesi kubwa. Mwaka 1999 kampuni ya Connectix ya Marekani ilitoa Virtual Game Station, emuleta ya kompyuta za Macintosh, baada ya wahandisi wake kunakili biosi ya Sony ili kuchunguza utendaji wake, kisha wakaandika ya kwao isiyokuwa na msimbo wa Sony. Sony ilishtaki na mauzo yakazuiwa. Lakini tarehe 10 Februari 2000 mahakama ya rufaa iliamua kwamba kunakili kwa ajili ya uchunguzi wa namna hiyo kulikuwa matumizi halali ya kazi yenye hakimiliki. Mwaka uliofuata Sony iliinunua emuleta hiyo na kuisitisha, ila hukumu ilibaki, na ni hukumu yenye thamani kubwa kwa kila anayehifadhi historia ya kompyuta.

Tangu hapo emuleta zimefuata njia mbili: nyingine hutumia biosi mbadala, nyingine humtaka mtumiaji aitoe biosi halisi katika mashine yake mwenyewe. Njia ya pili ina usumbufu, lakini ndiyo iliyo aminifu zaidi, kwa kuwa mbadala huenda usiige kasoro ambazo baadhi ya michezo ilizizoea.

Chipu ya picha nayo ilibadilika, hata mipito laini ya rangi iliyoonekana kwa ngazi katika mashine za awali ikalainika katika zilizofuata. Tofauti kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya soko: matoleo ya Ulaya yalifuata PAL, mfumo wa televisheni wa picha 50 kwa sekunde uliotumika pia Kenya na Tanzania, ilhali Japani na Marekani zilitumia picha 60, na michezo mingi iliyohamishwa bila kurekebishwa ilikwenda polepole. Sony yenyewe, ilipotoa PlayStation Classic yenye michezo 20 mwaka 2018, iliweka baadhi yake katika matoleo ya PAL, na wachezaji wakalalamika kwa haki.

Mwenye PlayStation kuukuu asiitupe kabla ya kusoma na kuandika namba ya SCPH iliyo kwenye kibandiko chake.