Vipuri vya Mashine za Kale za Kurekodia Nyumbani

Mashine ya kurekodia nyumbani ni chombo kinachonasa sauti na kuicheza tena, kilichotengenezwa kwa ajili ya sebuleni na si studio. Kwa maana hiyo gramafoni ya santuri haimo, maana hucheza tu. Hazimo pia mashine za kazi, kama zile ambazo mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodia mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda mjini Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Kipuri kilichotengana na mashine yake hutambuliwa kwa kazi yake: kunasa, kucheza, kufuta au kuendesha. Nembo ya kiwanda haitoshi, kwa kuwa kiwanda kimoja kiliuza aina nyingi.

Jamii ya kwanza ni fonografu ya silinda za nta, iliyotokana na uvumbuzi wa Edison wa 1877. Ina vichwa viwili vinavyokaribia kufanana kwa nje. Cha kunasia kina ncha yenye makali, kwa kuwa huchonga nta. Cha kuchezea kina ncha ya mviringo, laini. Tofauti hiyo huonekana kwa lenzi.

Jamii ya pili hutumia waya wa chuma wenye unene wa takriban milimita 0.1. Hedi yake, yaani kichwa cha sumaku, ina mfereji mwembamba wa kupitishia waya, na katika mashine nyingi hupanda na kushuka ili waya ujipange sawasawa kwenye kibiringo.

Jamii ya tatu, tepu ya milimita 6.35, ndiyo yenye vipuri vingi na utata mwingi. Kwa kawaida huwa na hedi mbili. Ya kufuta hutangulia katika njia ya tepu, na mwanya wake ni mpana kiasi cha kuonekana kwa lenzi. Ya pili hurekodi na kucheza. Mwanya wake ni mwembamba mno, nayo hufunikwa kwa ganda la chuma lisiloruhusu mvumo wa umeme kuingia. Waya zake pia huvikwa wavu wa kinga. Hedi isiyo na ganda wala wavu, basi, huelekea kuwa ya kufuta.

Jicho la mtu wa Kolwezi, mji wa migodi ya shaba mkoani Lualaba, Kongo, huvutwa na shaba ya koili za mota, lakini koili hueleza machache. Puli hueleza zaidi. Umeme wa Lualaba, ukiwemo wa kituo cha Nzilo, ni wa hezi 50, ilhali wa Marekani ni wa hezi 60. Mota ya Marekani inayofuata mapigo ya umeme hupungua mwendo kwa sehemu moja ya sita inapochomekwa huku, na sauti huwa nzito. Dawa yake ni kunenepesha puli kwa sehemu moja ya tano. Pete iliyovikwa juu ya puli ni alama ya mashine iliyobadilishwa hivyo.

Jamii ya nne ni kaseti, iliyotolewa na Philips mwaka 1963, yenye tepu ya milimita 3.81. Kinasa kina kijiti kinachopapasa mgongo wa kaseti: kikikuta kijipande cha plastiki cha kinga kimevunjwa, kitufe cha kurekodi hakishuki. Redio kaseti ya kucheza tu haina kijiti hicho. Katika kinasa cha bei nafuu, hedi ya kufuta haina waya wowote. Ni kipande cha sumaku juu ya mkono mdogo unaosogezwa na kitufe. Pini ya chuma ikinasa hapo, kipuri kimetambulika, na huhifadhiwa mbali na tepu zilizorekodiwa.